Paa la Bi Hawa na Mwandiko Wako

Durban, Jumamosi jioni

Aline, binti yangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya na umesema utarudi kabla ya saa tatu. Nimebaki na begi lako mlangoni na sufuria ya maharage jikoni. Baba mwenye akili angekuwa anayakoroga maharage. Mimi nimeshika kalamu, na unajua mimi na kalamu tulivyo, nyundo ndiyo rafiki yangu. Kwa hiyo zivumilie herufi zangu, zinapanda na kushuka kama fundi aliyelewa juu ya ngazi.

Sikuandikii ili nikwambie ule ushibe, au usitembee na simu mkononi kule Johannesburg, au utii wakubwa wako kazini. Shangazi zako wa kanisani wameshakwambia yote hayo, wengine mara mbili. Mimi nina jambo moja, na nimelikalia miaka minne na zaidi.

Leo mchana, ulipokwenda dukani, nilifungua begi lako nikutilie ile sabuni ya kipande uliyoisahau bafuni. Juu ya nguo nikaikuta fomu ya kazi. Umeijaza yote, jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, namba ya kitambulisho, kwa mwandiko wako ule mzuri uliolala upande mmoja. Kimebaki kisanduku kimoja tu, kile kinachouliza kama umewahi kuhusika na dai la bima lililokataliwa kwa udanganyifu. Jumapili iliyopita uliiweka fomu ile mezani, ukaweka kidole hapo, ukaniuliza, "Baba, hapa niandike nini?" Nami, bila hata kukiweka kijiko chini, nikakujibu, "Andika hapana. Ulikuwa mtoto." Ukaichukua fomu yako ukaondoka. Sikujua kwamba kisanduku umekiacha wazi mpaka leo.

Jumatatu asubuhi unatakiwa kuikabidhi, na kazi yenyewe ni ya kusoma madai ya watu walioezuliwa mapaa. Ukiweka ndiyo, huenda wakakurudisha kabla hujakikalia kiti. Ukiweka hapana, utakuwa umeanza kazi ya kukamata uongo kwa kuandika uongo. Niliyekufikisha hapo ni mimi.

Hujaniambia kwa nini umechagua kazi ya bima, na mimi sijakuuliza. Nyumba yetu imekuwa hivyo. Tunaongea, ndiyo. Umekula? Umeme umeisha? Funguo ziko wapi? Mama yako alipokuwa hai, majirani wa ghorofa ya chini walikuwa wanagonga dari kwa mti wa ufagio kwa sababu ya vicheko vyetu. Alipofariki ulikuwa na miaka kumi na mmoja, tukabaki wawili, na bado tulikuwa tunacheka kidogo. Tulinyamaza baada ya paa la Bi Hawa. Wewe jambo lile unalijua nusu, na nusu unayoijua ndiyo inayokuumiza. Ngoja nikupe nusu ya pili.

Unajua nilivyoanza. Nilikulia Kigoma, kwenye makambi ya sisi Warundi, nikajifunza useremala kwa mzee aliyekuwa akitupiga rula tukikosea kipimo. Hapa Durban nililinda magari, nikabeba mizigo Clairwood, kisha nikapata kibarua kwa mafundi wa paa kule Jacobs, viwandani. Siku ya kwanza niliyopanda juu ya kenchi nikaona bahari upande mmoja na moshi wa viwanda upande mwingine, nikasema hapa ndipo mahali pangu. Miaka ikapita, nikanunua ile bakkie, ile pikapu nyeupe isiyo na kioo cha nyuma, nikasajili kampuni, nikaandika jina langu mlangoni. Yaani wewe ndiye uliyeliandika, kwa rangi ya bluu, ukiwa darasa la sita. Kila kitu cha Kiingereza katika kampuni ile ulikiandika wewe, bei, risiti, barua. Watoto wengi wa watu wetu hapa wako hivyo, anakwenda shule asubuhi, jioni ni karani na mkalimani wa baba yake. Tulikuwa tunajisifu kanisani, "Wa kwangu anaandika mpaka barua za benki!" Hakuna aliyejiuliza mtoto anayaweka wapi mambo anayoyaandika.

Mwaka ule wa Kombe la Dunia, mpira ulipokwisha na wageni wakaondoka, kazi zilikauka. Halafu mwezi wa kumi ukaja upepo ule ulioezua nusu ya mtaa wa Chatsworth. Upepo kwa mwenye nyumba ni msiba, kwa fundi wa paa ni mavuno, na sioni haya kusema nilifurahi. Asubuhi yake mimi na msaidizi wangu Kabongo tulikuwa mitaani kabla mabati hayajamaliza kudondosha maji. Kila mlango ulikuwa umeshagongwa na mafundi watatu, na kila mlango swali lilikuwa moja.

"Unabeba excess?"

Sasa wewe utakuwa mtaalamu wa neno hilo, lakini nataka ulisikie kutoka kwa mtu aliyelipata kwa kichapo. Bima ya nyumba hapa ina sharti lake. Hasara ikitokea, sehemu ya kwanza mwenye nyumba anaimeza mwenyewe, ndipo kampuni inalipa inayobaki. Sehemu hiyo ya kwanza ndiyo excess. Wameiweka ili mtu asikimbilie bima kwa kila bati lililolegea, na ili aitunze nyumba akijua na yeye ataumia. Akilini inaingia. Lakini nenda kamwelezee mama mjane aliyekatiwa malipo ya bima kila mwezi miaka ishirini, leo anaona nyota akiwa kitandani mwake, umwambie kwamba bima haitafanya kitu mpaka yeye atoe kwanza. Atakutazama kama mwizi. Kwa hiyo wenye nyumba wanamtafuta fundi wa "kubeba", na fundi anayebeba hatoi chake mfukoni, nani ana hicho chake? Anapandisha bei kwenye karatasi, bima inalipa yote bila kujua, na mwenye nyumba hatoi senti. Fundi anayekataa anarudi nyumbani na ngazi yake.

Mimi nilikataa milango miwili. Kweli, nilikataa. Wa tatu akanifungia mlango nikiwa bado nazungumza.

Kabongo alikuwa ameegemea bakkie anatafuna karanga. Unamkumbuka Kabongo, yule Mkongomani wa Lubumbashi aliyekuwa akikuita Mademoiselle. Akaniambia, "Patron, weye unabakia na sheria, bengine banabakia na kazi."

"Ni wizi, Kabongo."

"Wizi ya nani? Assurance beko na makuta mingi. Five thousand kwao ni nini? Tunaitia ndani ya facture, haionekane."

Niliwasha gari twende mlango uliofuata. Hilo ndilo lililokuwa jibu langu, na yeye alilijua, akatupa maganda akapanda garini.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Bi Hawa.

Ulimpenda siku ya kwanza tu, na mimi pia. Kile kizee kidogo cha Kizanzibari, kama wanavyowaita hapa, watu ambao mababu zao waliletwa kutoka pwani yetu kabla hata ya babu zetu kuzaliwa, wakahamishiwa Chatsworth wakati wa serikali ya makaburu. Kiswahili chake kilikuwa maneno kama ishirini hivi aliyoachiwa na bibi yake, na alitupa yote ishirini pale mlangoni. Karibu, mwanangu, maji, kaa. Miaka mingapi sijaitwa mwanangu na mtu mwenye mvi! Upande mzima wa nyuma wa paa lake ulikuwa umelala kwenye bustani ya jirani. Mumewe alifanya kazi kiwandani Jacobs maisha yake yote, na alipokufa alimwachia vitu viwili, nyumba na bima. Kampuni ya bima ilikuwa imemruhusu atafute fundi wake, alete karatasi ya bei. Excess hakuwa nayo. Alikuwa na pensheni ya wazee, na pensheni unaijua.

Hakuniuliza kama nitabeba. Nataka ujue hilo, kwa sababu nadhani miaka yote umedhani aliomba. Yeye aliniuliza tu kama naweza kumsubiri mpaka Krismasi. Mimi ndiye niliyesema, "Usijali, Bi Hawa, hiyo nitaibeba mimi." Akanishika mikono yote miwili.

Na hapa ndipo kosa langu lilipo. Kabongo aliposema, niliuona wizi. Niliposema mwenyewe, nikaona wema. Unajua sisi tunavyoishi hapa. Mtu akifiwa, kofia inazunguka. Mwili unatakiwa kurudishwa Bujumbura, tunachanga mpaka yule muuza soksi wa pale kwenye robot, taa za barabarani, anatoa chochote. Tunabebana, neno letu ni hilo hilo. Basi nikajiambia, ya Bi Hawa ni mchango tu, namsitiri mama mjane. Nilikuja kuelewa baadaye sana, juu ya paa la mtu mwingine, nikiwa peke yangu na misumari mdomoni, kwamba mchango mtu anautoa mfukoni mwake. Mimi nilichangia kwa mkono wa kampuni nisiyoijua na kwa kalamu ya mtoto wangu, halafu shukrani nikazipokea mimi.

Na ingewezekana kufanya sawa. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Ningeandika bei ya kweli, bima ikalipa sehemu yake, na excess yake angenilipa kidogo kidogo, tukaandikiana, hata kwa mwaka. Hakuna sheria inayomkataza fundi kusubiri. Yeye mwenyewe aliniomba nimsubiri! Lakini kusubiri hakuna sifa. Kubeba kuna sifa.

Jumatatu jioni nilikutajia vitu vya karatasi ya bei, ukaandika. Mabati, mbao, papi mpya zote za kugongea mabati, ingawa nusu ya papi zile zilikuwa nzima na nilikuwa nimepanga kuziacha pale pale. Nikasema kofia kumi na mbili za kufunika mgongo wa paa. Ukainua kichwa.

"Baba, nyumba ile ina kofia sita. Jumamosi nilizihesabu, tulipokwenda kupima, mimi ndiye niliyekuwa nakushikia futi."

Nikakwambia, "Andika tu, Aline."

Ukaandika. Ulikuwa na miaka kumi na minne, na sare ya shule bado mwilini.

Kazi yenyewe tuliifanya vizuri, hilo namwapia Mungu. Paa lile halikuvuja tena. Kisha mkaguzi wa bima akaja kabla ya kulipa, na Kiingereza changu chote kikanikimbia, nikakupigia simu, ukashuka kwenye taxi na begi la shule mgongoni. Mkaguzi alikuwa mtu mpole. Ningependa nikwambie alikuwa mkali, ingenisaidia, lakini alikuwa mpole. Alipanda ngazi yangu, akazihesabu kofia, akapiga picha papi za zamani, akashuka akijipangusa mikono. Akakuambia uniulize kama mama huyu alilipa excess, alimlipa nani, na lini.

Nikasema kwa Kiswahili, "Mwambie alilipa. Mkononi, wiki jana."

Ulinitazama. Kisha ukamgeukia ukatafsiri, neno kwa neno, kwa sauti ya kusoma shuleni.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu haikufika hata kwenye geti. Bi Hawa alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alikisikia Kiingereza chako, akatabasamu, akasema kwa furaha, "Hapana mwanangu, mimi sikulipa. Baba yako alinibebea. Mungu atamlipa." Alinisifu, Aline. Alitaka mkaguzi ajue mimi ni mtu mwema.

Mkaguzi alifunga faili lake. Hakuniuliza mimi wala hakumuuliza mama. Alikuuliza wewe, "Lipi ni kweli?"

Ukasema, "Mimi natafsiri tu."

Nimeyasikia maneno hayo kila nilipoegesha bakkie mbele ya nyumba ya mtu tangu siku ile. Ulipaswa kuwa darasani unajifunza ramani. Halafu ukanitafsiria hukumu, kwamba karatasi ikiwa na uongo sehemu moja dai lote linakataliwa, hata ile hasara ya kweli, na bima ya mama inafutwa. Sauti yako haikutetemeka. Ingetetemeka, labda ningekukumbatia.

Mpaka hapo unajua yote. Na unajua lile la mwisho alilolisema akiwa ameshafungua mlango wa gari lake, kwa sababu lilipita mdomoni mwako. Kwamba iko nafasi moja. Nikiandika maelezo ndani ya siku thelathini, nikiri kwamba bei niliipandisha mimi na mama hakujua kuwa ni kosa, wataangalia kama wanaweza kumrudishia bima yake. Dai halitalipwa, lakini bima angalau.

Jioni ile ulikaa mezani na karatasi nyeupe na kalamu. Ukaningojea. Nikasema, "Kesho." Kesho yake ukakaa tena. Ulikaa siku ngapi? Mimi nilihesabu tisa, halafu siku ya kumi nikakuta umeitumia karatasi ile kwa hesabu za shule. Siku thelathini zikapita nikiwa nazunguka na kazi ndogo ndogo, najitia hamnazo.

Nusu usiyoijua ni hii. Niliogopa. Mwezi ule karatasi zangu za ukimbizi zilikuwa zinaisha, na mtu mmoja kwenye foleni ya kuhuisha aliniambia kwamba mwenye kesi ya udanganyifu anarudishwa alikotoka. Sikumuuliza amejuaje. Nilijiambia naogopa kwa ajili yako, kwamba nikirudishwa utabaki na nani. Kidogo ilikuwa kweli. Lakini iko na nyingine, mwanangu, ya aibu zaidi. Ili niandike maelezo yale ningelazimika kukutajia wewe, sentensi kwa sentensi, uyaandike kwa Kiingereza. Mimi ni mwongo. Nukta. Mimi nilimwagiza mtoto wangu. Nukta. Sikuweza kukaa mezani na wewe nikakutajia hayo. Mzee mzima, niliona bora bibi kizee akose bima kuliko binti yangu anione nilivyo, wakati ulikuwa umeshaniona.

Mwaka uliofuata mvua ziliporomosha mteremko wa nyuma wa nyumba yake, ukuta wa jikoni ukaenda nao. Paa langu lilibaki zima juu ya nyumba isiyokalika. Hapakuwa na bima ya kumjengea. Kampuni nyingine hazikumtaka, ukishafutiwa na moja zote zinakuuliza kwa nini. Akahamia chumba cha uani kwa mpwa wake, upande wa pili wa Chatsworth. Ulilisikia hilo shuleni, ukaja ukasimama mlangoni pa jikoni ukaniuliza, "Baba, Bi Hawa ametoka nyumbani kwake kwa sababu ya mwandiko wangu?"

Nilikujibu, "Mambo ya wakubwa hayo."

Ningeweza kufa kwa ajili yako, Aline, wala si maneno ya barua. Lakini siku ile ulihitaji neno moja la herufi tatu, sio, na sikukupa. Maji yakimwagika hayazoleki. Ninakupa sasa hata hivyo. Sio. Halikuwa kosa lako siku ile wala siku yoyote kati ya hizi. Mwandiko ulikuwa wako, uongo ulikuwa wangu. Na ile "andika hapana" ya Jumapili nayo naiondoa. Lilikuwa kosa lile lile limevaa shati jipya.

Nilipokwisha kukiona kisanduku kile nilipanda taxi nikaenda kwa Bi Hawa. Ulidhani nimekwenda kutazama kazi. Mara nne kabla ya leo nimefika mpaka kona ya mtaa ule nikageuza. Leo nikaingia. Amepungua sana, macho yake yameingia ukungu, ikabidi nitaje jina. Nikaanza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, I am sorry, Ma, I am the one. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Mtoto wako huja hapa kila mwisho wa mwezi," akasema.

Sikuelewa. Nikamwambia mtoto wangu mwisho wa mwezi huwa ana mazoezi ya kwaya.

"Huja," akasema. "Hunikata kucha. Hunisomea barua za pensheni. Mara ya kwanza alilia hapo hapo ulipokaa, akiomba msamaha. Miaka mitatu na kitu. Nimemwambia si yeye, nimemwambia mpaka nimechoka. Lakini neno hilo halikuwa langu kulisema, my boy. Lilikuwa lako."

Nimerudi kwenye taxi nikakaa kiti cha nyuma kabisa, nikageuzia uso dirishani. Miaka mitatu tumelala nyumba moja, ukuta mmoja kati yetu, kila mtu amembeba Bi Hawa peke yake. Ungeniambia ningekwenda nawe. Hapana, huo nao ni uongo, nimeanza tena. Ungeniambia ningesema kesho.

Kesho utaondoka na mimi nitabaki hapa ghorofani na mazungumzo ambayo hatukuyafanya. Nimeshaanza kuyasikia. Kabongo yuko Cape Town, mama yako yuko mahali ambapo simu haifiki, na ile mikutano ya wanaume wa kanisa tunazungumzia mpira tu. Sikulaumu kwa kuondoka. Nilikuwa peke yangu kabla hujafunga begi, na wewe pia, na hilo ndilo ninalolijutia kuliko paa, kuliko bima, kuliko kampuni yangu ya paa iliyokufa baadaye. Sina ushauri mkubwa. Ukikaa kwenye kiti kile na ikaja mbele yako karatasi ya fundi mwenye kofia kumi na mbili kwenye nyumba ya kofia sita, ikatae, ndiyo kazi yako. Ila kabla ya kupiga muhuri, angalia mwandiko. Ukiona ni wa mtoto, mwite baba yake mwenyewe, na mkalimani mtafute ofisini.

Kuhusu kisanduku, uamuzi ni wako. Ukiandika ndiyo na wakakunyima kazi, rudi, nauli nimeiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti lako. Ukirudi nitafurahi kwa uchoyo na nitahuzunika kwa haki.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Ni yale maelezo uliyoyangojea siku tisa. Nimeyaandika kwa Kiingereza, mimi mwenyewe, nikayarudia mara tatu kwenye meza ya Bi Hawa, na yeye ameweka sahihi yake chini. Yana jina langu, namba ya kitambulisho changu na simu yangu. Yanasema bei niliipandisha mimi, uongo niliusema mimi, na msichana wa miaka kumi na minne aliandika na kutafsiri kwa amri ya baba yake. Ukiweka ndiyo, yabane na fomu. Wakitaka kunifuata kwa hilo, wanifuate, najua hatari yake na nimeikubali.

Utakapoisoma utaona makosa tangu mstari wa kwanza. Hata sorry sijui kama nimeiandika sawa. Usiisahihishe. Iache ilivyo, ili yeyote atakayeisoma aone kwamba safari hii hukuandika wewe.

Baba yako